Mama anaenda Delhi Novemba kubadilishwa goti: maisha ya mtaani kule yakoje?

Zabibu_Dom (Nkuhungu)

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo.

Mama ana miaka 64, goti la kulia limekwisha na daktari ameshauri libadilishwe. Familia imechagua hospitali binafsi kusini mwa Delhi, na tumepewa wiki ya kwanza ya Novemba. Tutakuwa wawili, mama na mimi, kwa wiki sita hadi nane. Ya upasuaji madaktari watatueleza. Ninachohitaji ni mambo ya mtaani: tukae wapi na mwenye nyumba aulizwe nini, hela tubebe vipi, laini ya simu, usafiri wa mtu mwenye magongo, na chakula, maana mama bila ugali wa uwele au mtama anahesabu hajala.

Jambo lingine, ana pumu. Si kali, ila dawa ya kuvuta anayo kila siku. Nimeona picha za moshi wa Delhi nikashtuka. Ndivyo ulivyo kweli? Naomba wanaoujua mji waniambie kwa undani, hata yanayoonekana madogo.

Kilimani_Dom

Dada Zabibu, mfikishie mama shikamoo. Naanza na hewa, kwa sababu katika yote uliyouliza hiyo ndiyo inayoweza kukulazimu kubadili tarehe.

Picha ni za kweli. Delhi ipo kwenye tambarare ya kaskazini, mbali na bahari. Kuanzia katikati ya Oktoba baridi inaingia, upepo unalegea, na hewa baridi inalala chini huku yenye joto ikiifunika kwa juu. Moshi wa magari, vumbi la ujenzi, viwanda na taka zinazochomwa vinakosa pa kwenda. Wakati huohuo wakulima wa Punjab na Haryana wanavuna mpunga na kuchoma mabua ili wawahi kupanda ngano, na moshi wao unafika mjini. Hapo katikati inaangukia Diwali, Oktoba au Novemba, pamoja na fataki zake. Wiki mliyopewa ipo ndani kabisa ya kipindi hicho.

Vumbi letu la Dodoma, hata lile la Septemba, sehemu kubwa ni chembe nene zinazokwama puani na kooni. Kinachotisha Delhi ni PM2.5, chembe zisizozidi maikromita 2.5, ambazo zinapita pua na koo hadi ndani ya mapafu. Kwa mwenye pumu hizo ni habari tofauti kabisa na vumbi la barabarani.

Kipimo chao rasmi kinaitwa AQI, kinaanzia 0 na kuishia 500. Kikiwa 201 hadi 300 ni hewa mbaya, 301 hadi 400 mbaya sana, 401 hadi 500 ni hatari hata kwa mtu mzima wa afya. Kuna programu ya serikali ya simu inayoitwa SAMEER, inaonyesha kituo kwa kituo. Angalia kituo cha karibu na mnapokaa, usiangalie wastani wa mji. Programu za kampuni binafsi nyingi hutumia kipimo cha Kimarekani, ndiyo maana utakuta moja inasema 480 na nyingine 700 kwa saa ileile. Chagua moja uishi nayo.

Serikali ina mpango wa hatua nne unaoitwa GRAP. Hatua ya tatu inaanza AQI ikipita 400: ujenzi mwingi unasimama na magari ya zamani ya dizeli na petroli yanazuiwa. Hatua ya nne inaanza ikipita 450: malori mengi hayaingii mjini na shule zinaweza kuhamia mtandaoni. Kwenu maana yake ni kwamba teksi zinaweza kupungua ghafla siku ya kliniki, basi siku hizo agizeni gari mapema.

Mkilazimika kwenda Novemba, fanyeni haya:

Barakoa iwe N95. Ile ya bluu ya hospitali haisaidii sana, hewa inaingia pembeni. Ya mikanda inayozunguka kichwa inabana vizuri kuliko ya kuning'inia masikioni. Jaribio lake: vaa, bana chuma cha puani, pumua kwa nguvu, ukisikia upepo machoni haijakaa.

Chumbani kuwe na mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa hata chembe ndogo sana. Kinachoangaliwa ni namba ya CADR, yaani kiasi cha hewa safi ambacho mashine inatoa kwa saa; umbo la mashine halisemi kitu. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari la mita 2.7 kina mita za ujazo 32 na kitu. Ukitaka hewa yote ipite kwenye kichujio mara 5 kwa saa, unahitaji CADR isiyopungua mita za ujazo 162 kwa saa. Mashine za kukodi zipo, ila fungua uone kichujio kwanza: kikiwa kijivu cha kukolea au cheusi, dai kipya. Madirisha yafungwe, chini ya mlango wekeni taulo, sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiliwa. Udi na dawa ya mbu ya kuchoma visiingie chumbani humo.

Hewa huwa mbaya zaidi usiku wa manane hadi asubuhi, ikapata nafuu kidogo kati ya saa 8 mchana na saa 10 jioni. Mazoezi ya kutembea ya mama yawekwe hapo, na AQI ikiwa juu ya 300 atembee ndani ya korido. Na mtaalamu wa dawa ya usingizi aambiwe habari ya pumu tangu mazungumzo ya kwanza ya mtandaoni, asije akaisikia asubuhi ya upasuaji.

Lakini ushauri wangu wa dhati ni huu: goti lililochakaa linasubiri. Waombeni tarehe ya mwisho wa Februari au Machi. Baridi inakuwa imeondoka, hewa imepungua ukali, na joto kali la Mei na Juni, linalopita nyuzi 40, bado halijafika. Desemba na Januari si suluhisho: usiku unashuka chini ya nyuzi 10, nyumba nyingi hazina joto la ndani, na ukungu unachelewesha ndege. Tena msikubali mtu awawekee jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi. Kila mwaka kuna watu wanaokufa usingizini kwa hewa yake.

Hombolo_Bwawani

Kilimani amesema vizuri. Niongeze kwamba si lazima iwe Delhi. Wengi watawaambia Chennai, na ni mji wenye hospitali nzuri, lakini mvua zake kubwa zinakuja Oktoba hadi Desemba wakati India sehemu kubwa imekauka. Mafuriko ya Desemba 2015 yalikata barabara za mji ule, na mtu wa magongo kwenye maji ya kifundo cha mguu ni hatari. Kwa Novemba, Bengaluru ina hali ya hewa ya kistaarabu: ipo karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, sisi tupo kama 1,100, kwa hiyo mama hatahisi mabadiliko makubwa. Kero yake ni foleni za magari. Tafuteni nyumba ya kutembea kwa mguu hadi hospitali.

Na kama hamjalipa chochote, goti hubadilishwa hapa nchini pia, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Ulizeni na hapo kabla ya kukata tiketi.

Makole_Kaunta

Nachukua upande wa makaratasi, nyumba na hela.

Viza. Mgonjwa anaomba viza ya kielektroniki ya matibabu, wewe unaomba ya msindikizaji. Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Zote ni za siku 60 kuanzia siku ya kuingia, na zinaruhusu kuingia mara tatu. Mnahitaji barua ya hospitali yenye jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Tovuti halisi inaishia na gov.in. Zipo nyingi za kuigiza zinazotoza zaidi, na kwenye utafutaji huwa zinatangulia juu. Tangu Oktoba 2025 kuna pia kadi ya kuwasili ya kielektroniki, inajazwa ndani ya saa 72 kabla ya kufika, na ni bure.

Kitabu cha njano kibebeni. India inadai chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo, na ndege nyingi za kutoka kwetu zinapita Addis Ababa au Nairobi. Chanjo inaanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo msiiache kuwa ya wiki ya mwisho. Asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Nyumba. Swali la kwanza kwa mwenye nyumba, kabla ya bei: "Utatujazia Form C?" Hiyo ni taarifa ambayo kila anayelaza mgeni wa nje lazima aitume kwa mamlaka ya wageni, FRRO, ndani ya saa 24 tangu mgeni afike. Akisema haina haja, ondokeni. Bila hiyo mtakwama mkitaka kuongeza siku za viza, na kwa goti jambo hilo linatokea, kwa sababu kidonda kikichelewa au mazoezi yakirefuka, siku 60 zinaisha. Maombi ya kuongeza yanafanywa mtandaoni kwa FRRO, kwa barua ya hospitali na uthibitisho wa makazi, kabla viza haijaisha.

Maswali mengine ya nyumba: lifti ipo na inafanya kazi umeme ukikatika? Choo ni cha kukaa? Umeme unalipwa ndani ya kodi au kwa mita? Nyama inaruhusiwa kupikwa? La mwisho si utani, wapo wenye nyumba wasiokula nyama kabisa ambao hawaruhusu hata yai jikoni, na mnaweza kufukuzwa kwa mchuzi wa kuku. Maji ya bomba katika mitaa mingi yanakuja kwa saa chache na kuhifadhiwa kwenye tanki la juu, jambo ambalo mtu wa Dodoma halimpi shida. Ya kunywa yatoke kwenye mtambo wa kuchuja ambao wao wanauita RO, au dumu la lita 20 lenye lakiri.

Hela. Shilingi yetu haibadilishwi kule, bebeni dola safi zisizokunjwa wala kuandikwa. Ukiwa na taslimu zinazozidi dola 5,000 lazima uzitangaze forodhani. Hospitali msipange kuilipa taslimu: tangu Aprili 2017 sheria ya kodi inamkataza mtu kupokea rupia laki 2 au zaidi taslimu kutoka kwa mtu mmoja kwa siku moja. Tumeni kwa benki kwenda akaunti ya hospitali yenyewe, kamwe si ya dalali.

Hiyo laki ni laki yetu ileile, 100,000. Koma zao ndizo zinazochanganya: bili ya 4,50,000 ni laki nne na nusu, hawajakosea kuchapa. Neno crore ni milioni 10.

Dukani watu wanalipa kwa UPI, mfumo ulioanza 2016. Ni kama Lipa Namba yetu, ila fedha inatoka moja kwa moja benki na mtandao wowote unasomeka kwa wote. Mgeni asiye na akaunti ya India anaweza kufunguliwa pochi ya UPI One World kwa pasipoti na viza, kupitia mawakala wenye leseni; uliza kwenye kaunta za kubadili fedha uwanja wa ndege. Hata hivyo noti za 10, 20, 50 na 100 zisikauke mfukoni. Noti iliyochanika usiipokee, hakuna muuza duka atakayeichukua. Na ukipewa noti ya 2,000 ikatae, iliondolewa kwenye mzunguko kuanzia Mei 2023.

Laini ya simu: pasipoti, viza, picha na anwani ya mnapokaa. Vifurushi vingi ni vya siku 28, si 30, wekeni alama kwenye kalenda. Laini ya Tanzania msiizime, na washeni roming kabla ya kuondoka, kwa sababu namba za uthibitisho za benki zenu zitakuja huko.

Zabibu_Dom (Nkuhungu)

Mungu awabariki. Habari ya tarehe nimeshaipeleka kwa kaka zangu, tunaijadili leo. Sasa jikoni na barabarani, tafadhali. Niende na unga wa uwele kutoka Majengo?

Uwele_na_Mlenda

Hakuna haja, dada. Uwele wao wanauita bajra, mtama ni jowar, na upande wa kaskazini bajra ni chakula cha majira ya baridi hasa. India ndiyo iliyopendekeza mwaka 2023 uwe mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii hiyo. Ulezi nao wanao, unaitwa ragi, kusini ndio umejaa. Msibebe nafaka isiyosagwa, ina masharti ya karantini ya mimea.

Usinunue unga wa pakiti uliokaa rafuni. Unga wa uwele una mafuta mengi, ndani ya siku chache unachacha na kuwa mchungu. Nenda mashine ya kusaga ya mtaani, inaitwa chakki, nunua kilo 1 au 2 tu kwa wakati na uweke kwenye friji. Wao wanasaga laini sana kwa ajili ya mikate, na unga wa namna hiyo unaganda kama gundi ukisonga ugali. Mwambie anayesaga "mota", yaani mnene. Maji yachemke kwanza, uji mwepesi uive dakika chache, kisha ndiyo usonge kwa moto mdogo.

Mlenda wa bamia unapatikana, bamia ni bhindi. Mchicha ni chaulai, ila huo ni wa joto zaidi. Kwenye baridi sokoni kuna spinachi (palak), majani ya haradali (sarson) na uwatu (methi). Ukiona neno mutton, kwa kawaida ni mbuzi. Nyama ya ng'ombe Delhi hairuhusiwi kisheria, msiiulizie hata kwa mzaha. Vyakula vya pakiti vina alama ndogo: duara la kijani ni kisicho na nyama, alama ya kahawia ni chenye nyama au yai.

Jiko. Nyumba nyingi za wagonjwa zina jiko la umeme la induksheni. Sufuria zetu za alumini hazipati moto juu yake hata kidogo, zinatakiwa za chuma au za stili inayoshika sumaku. Shika sumaku ya friji, ikinata chini ya sufuria inafaa. Na ukutani kuna soketi za aina mbili: ndogo ya ampea 6 kwa simu na taa, kubwa ya ampea 16 kwa jiko, birika na hita ya maji. Jiko la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9, kwa hiyo ukilazimisha adapta kwenye ile ndogo itayeyuka. Plagi zao ni za pini za duara, zetu za bapa haziingii. Adapta ya simu nunueni kabla ya safari.

Dawa za kawaida tafuteni maduka ya serikali yanayoitwa Jan Aushadhi, yanauza kwa jina la kemikali na kwa bei ya chini sana. Mwombeni daktari aandike jina hilo, si la kampuni.

Bajaji_Sabasaba

Barabarani kwa kifupi. Bajaji zetu zinatoka kwao, lakini ukiita "bajaji" hawatakuelewa, wanasema auto. Delhi ni za kijani na njano, zinatumia gesi. Kiwango kilichowekwa Januari 2023 ni rupia 30 kwa kilomita 1.5 za mwanzo, kisha 11 kwa kila kilomita, na nyongeza ya robo kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri. Dereva akikataa mita, agiza kwa Uber au Ola. Gari likifika unampa namba ya tarakimu nne iliyo kwenye simu yako, bila hiyo safari haianzi. Usiitaje kabla hujasoma namba ya gari.

Baada ya upasuaji mama asipande auto wala zile za betri za kuchangia. Nafasi ya miguu ni finyu na goti halitakunjika vya kutosha. Agiza gari la kawaida, kiti cha mbele kisogezwe nyuma kabisa, akae kwanza kisha miguu ifuate. Metro ina lifti vituoni, na behewa la kwanza ni la wanawake. Lakini mlangoni kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine na ukaguzi wa mwili. Chuma cha goti kitalia, abebe barua ya daktari. Epukeni saa 2 hadi 4 asubuhi na saa 11 jioni hadi saa 2 usiku.

Namba ya dharura ni 112. Na mkikwama lugha, maneno haya yanaeleweka yalivyo au karibu: dawa, duka, gari, chai, hesabu, barafu, tayari.

Makole_Kaunta

Nilisahau bili. Ombeni makisio kutoka hospitali mbili, moja kwa moja kwenye ofisi yao ya wagonjwa wa kimataifa. Yaonyeshe aina ya goti bandia, siku za kulazwa, mazoezi, na daraja la chumba, kwa sababu hospitali nyingi binafsi za kule ukipanda daraja la chumba na vipimo na ada ya daktari vinapanda. Bei za magoti bandia ziliwekewa kikomo na mamlaka yao ya bei, NPPA, Agosti 2017. Kwa hiyo goti liandikwe kwenye mstari wake peke yake, na mdai stika zenye namba zilizobanduliwa kwenye boksi lake. Zihifadhini, daktari wa huku atazihitaji siku goti likisumbua.

Zabibu_Dom (Nkuhungu)

Familia imekubali kusogeza. Hospitali inasema tarehe 22 Februari ina nafasi. Viza niombe sasa hivi?

Makole_Kaunta

Bado. Dirisha la maombi linafunguka siku 120 kabla ya kuingia, na mkifika tarehe hiyohiyo ni kuanzia 25 Oktoba. Mkifika siku chache kabla, linafunguka mapema kwa siku hizohizo. Kwa sasa waombeni barua mpya yenye tarehe mpya, ile ya Novemba msiitumie tena. Na angalieni pasipoti zote mbili: ziwe na angalau miezi 6 mbele kuanzia siku ya kufika, na kurasa mbili tupu.